Asubuhi Tuliyoikataa Zamu Yetu

Asubuhi moja ya Septemba haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na sidhani kama itanitoka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimesimama mbele ya lango la shule yetu kule Ngagara, sare yangu mpya imelowa maji machafu kuanzia kola mpaka pindo, na sijawahi kujisikia nimependeza kama nilivyojisikia siku ile. Kaa kidogo nikusimulie ilikuwaje.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na nyumba yetu haikukosa jamaa, wageni na harufu ya mafuta ya injini. Nilipofaulu kwenda sekondari nilipelekwa shule iliyo ng'ambo ya mto Ntahangwa, kwenye mitaa ya Ngagara inayoitwa kwa namba, ambako wanafunzi wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi wa serikali. Kila asubuhi nilivuka daraja kwa miguu, vitabu kwapani, na nilijiona mtu mzima.

Ilikuwa shule nzuri, sitaisingizia. Walimu walijua kazi yao. Lakini kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyeliongelea nyumbani: ubatizo. Sisemi ule wa kanisani. Wanafunzi wapya walipoingia, wale wa mwaka wa pili waliwangoja langoni, wakawapigisha magoti kwenye kokoto, wakawanywesha maji ya sabuni, wakawaamrisha waimbe matusi kuhusu mama zao. Wale wa madarasa ya juu walisimama pembeni kuangalia kama kazi inafanywa sawasawa. Walimu wakipita walicheka, wakisema watoto wanazoeana. Na usidhani jambo lenyewe liliisha siku hiyo. Liliendelea wiki hata wiki, mpaka Krismasi inakaribia.

Mwaka tulioingia sisi, mtandio wangu ulivuliwa kichwani ukafutiwa ubao. Deo, aliyekuwa mkubwa wa mwili kuliko wote darasani kwetu, alitafunishwa kipande cha sabuni mbele ya wasichana, akabebeshwa mikoba ya watu mwaka mzima. Yaliyompata Godeliva yalikuwa mabaya zaidi. Huyu alikuwa jirani yangu wa dawati, msichana mpole, baba yake karani wa wizara moja. Kijana wa darasa la juu aliyeitwa Sostene alimsukuma, kichwa kikagonga ukuta wa tangi la maji. Alikaa nyumbani karibu muhula mzima. Aliporudi, sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena. Wazazi wake waliambiwa aliteleza, na yeye mwenyewe alisema aliteleza, kwa kuwa alikuwa ameonywa atakachofanyiwa akisema vingine.

Basi mwaka ukazunguka, likizo ikaisha, nasi tukawa mwaka wa pili. Zamu yetu ilikuwa imefika.

Kabla shule haijafunguliwa Deo alitukusanya kwenye uwanja wa mpira, akatugawia kazi: nani atashika lango, nani ataleta ndoo, nani atafundisha nyimbo. Likizo nzima alikuwa akiyapanga hayo. Nami, mwanangu, nilimsikiliza kwa hamu. Nilikuwa nikiuona mtandio wangu ule, na nilitaka kumwona mwingine analia kama nilivyolia.

Bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa akikaa nasi, alinisikia nikimhadithia binamu yangu mipango hiyo huku nikicheka. Hakunigombeza. Aliniambia tu Jumapili nimlete huyo rafiki yangu wa Ngagara aje kula kwetu.

Godeliva alikuja na gauni lake la kanisani. Tukaandaliwa wali na samaki, tukakaa mkekani. Bibi akamkaribisha, akamuuliza habari za mama yake. Godeliva akaendelea kula, macho kwenye sahani. Bibi akauliza tena. Godeliva akachambua samaki. Nikajikuta naona haya, kwa kuwa nilijua sababu: bibi alikuwa ameketi kushoto kwake. Bibi alinitazama, akaelewa, akainuka polepole na magoti yake mabovu, akazunguka mkeka mzima akaenda kukaa upande wa pili. Kutoka hapo waliongea mpaka alasiri, wakacheka kama watu wa siku nyingi.

Rafiki yangu alipoondoka, bibi aliniita jikoni.

"Ule aliyemusukuma uyu mutoto," aliniambia, "na yeye walimusukuma mwaka gani?"

Nikasema sijui, labda alipokuwa mwaka wa kwanza.

"Na we, kesho kutwa, utamusukuma nani?"

Nikataka kujitetea kwamba mimi sitamsukuma mtu, nitaimbisha tu nyimbo. Bibi akanyanyua mkono kuninyamazisha. Akasema kwamba katika nyumba yake wamepita wafanyabiashara, mafundi, wakimbizi na mashehe, na hajawahi kuona mtu aliyeponywa kidonda chake kwa kumchoma mwenzake. Kisha akaniambia nimalizie kuosha vyombo.

Kesho yake nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Godeliva, nikamwambia sitaki tena. Nilidhani nitakuwa nimemletea habari. Kumbe yeye alikuwa ameshaamua tangu zamani, alikuwa anaogopa tu kuwa peke yake. Tulizunguka mtaa wa pili, mtaa wa tatu, mpaka kwetu Buyenzi, tukabisha milango ya wenzetu wa darasa. Wengine walikubali, wengine walitufungia mlango. Wa mwisho alikuwa Deo. Tulimkuta uani kwao anajaza ndoo maji ya sabuni.

Godeliva akamwambia kesho asubuhi yeye atasimama langoni, na mtoto mpya yeyote atakayefika atamshika mkono ampeleke darasani.

Deo akaweka ndoo chini. "Na mi? Nani atanilipa yale walinifanyia?"

"Hakuna," Godeliva akajibu. "Na mi hakuna mutu atanirudishia sikio."

Deo akageuka akaingia ndani. Hatukujua atafanya nini.

Asubuhi tukafika mapema. Hatukuwa wengi, kama nusu ya darasa. Wageni wakaanza kuja, wengine na wazazi wao, wengine peke yao na macho ya woga, maana kaka na dada zao walikuwa wameshawaonya. Mimi nilimpokea msichana mdogo aitwaye Consolata, mwembamba kama kalamu, nikamshika mkono. Nilimwambia jina langu, nikamwonyesha choo kilipo, bomba lilipo, na darasa lake. Nikarudi kupokea mwingine.

Ndipo walipokuja wale wa juu, Sostene mbele yao. Alituuliza nani ametupa ruhusa ya kuharibu desturi ya shule. Akasema kama hatutaki kubatiza, basi tutabatizwa upya sisi. Wenzake wakachota maji machafu mferejini wakatumwagia. Tulikuwa tumeapa hakuna atakayerusha ngumi, hata neno la tusi. Tukashikana mikono, tukasimama. Maji yaliponifika kifuani nilitamani kulia, lakini nikawatazama wale watoto wapya waliokuwa nyuma yetu, wakavu, na machozi yakarudi yalikotoka.

Hapo Deo akatokea na ndoo yake. Wale wa juu wakamshangilia, wakidhani amewaletea silaha. Alipita katikati yao, akaimwaga ndoo yote chini kwenye vumbi, akaja akasimama kushoto kwa Godeliva. Upande ule ule ambao asingeweza kumsikia mtu anayemjia.

"Mumwage na ku mimi," akasema.

Hakuna aliyemwaga. Sijui kama ni kwa ukubwa wa mwili wake, au kwa vile wote walijua ametafuna sabuni kwa ajili ya desturi hiyo hiyo. Sostene akaweka ndoo yake chini.

Direkteri, yaani mkuu wa shule, alikuja kwa sababu ya makelele. Akauliza kuna nini. Mwaka uliopita tungesema hakuna kitu. Godeliva akasogea mbele, akamwambia kila kitu, palepale, mbele ya wazazi waliokuwa hawajaondoka: magoti kwenye kokoto, sabuni, nyimbo, tangi la maji. Alipofika kwenye sikio lake akaligusa kwa kidole, akaendelea mpaka mwisho. Alimtaja Sostene kwa jina. Akasema yeye hakuteleza.

Yule direkteri alikuwa mtu mzima wa heshima zake. Nilimwona anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Akasema, "Mutoto wangu, nilipaswa kukuuliza mwaka jana. Sikukuuliza." Mkubwa kukubali kosa lake mbele ya watoto, jambo hilo sikuwa nimewahi kuliona.

Sostene aliitiwa wazazi. Walikwenda pamoja nyumbani kwa kina Godeliva kuomba msamaha. Baba yake Godeliva alikuwa na hasira ambayo haikuisha siku hiyo wala mwaka huo, na hakuna aliyemlazimisha iishe. Godeliva mwenyewe alisema amesikia maneno ya Sostene, na kuhusu msamaha ataona. Alimsamehe miaka mingi baadaye, kwa wakati wake, na ilikuwa haki yake kuchelewa.

Lakini jambo ninalotaka ulishike zaidi lilitokea mchana wa siku ile, tulipokuwa tunatoka. Consolata alinifuata mpaka kwenye kona ya barabara. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, na kesho mutakuwa hapa?"

Mwanangu, kesho hatukuwa tumeifikiria. Tulikuwa tumejipanga kwa asubuhi moja tu, tukajiona mashujaa. Swali la mtoto yule ndilo lililotufungua macho. Nikamwambia tutakuwepo. Na kesho yake tulikuwepo, na wiki iliyofuata, kwa jua na kwa mvua ile ya Bujumbura inayogeuza barabara kuwa mto. Tulikaa langoni asubuhi, tukazunguka nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko, maana waliokuwa wanapenda mchezo ule walihamia huko. Mara mbili tatu tulishindwa, mtoto akaonewa hatukujua, tukaenda kumwambia direkteri tukiwa na aibu. Naye akawapanga walimu wapokezane kuzunguka, kila mtoto mpya akapewa mkubwa wake wa kumtunza. Consolata na wenzake walipofika mwaka wa pili, hawakungoja tuwaambie. Tulipofika tukawakuta wao langoni, wameshika mikono ya wageni wao.

Nimefanya mengi maishani. Nimefundisha, nimezaa, nimezika, nimekwenda Hija. Lakini mtu akiniuliza ni nini nilichokifanya kikanifanya nitembee kichwa juu, nitamwambia nilikuwa mmoja wa darasa lile. Godeliva sasa anakaa Kinindo na wajukuu wake, Deo amestaafu kiwandani, na tukikutana harusini bado tunamwachia Deo kiti cha kushoto.

Sasa nikwambie, mwanangu, niliyoyabeba kwa ajili yako.

Ukionewa, sema. Mwambie mama, baba, mwalimu, na wa kwanza asipokusikia mwendee wa pili. Anayekutisha ili unyamaze anajua kwamba neno lako lina nguvu kuliko ngumi yake. Ukimwona mwenzako anaonewa, usisimame ukacheka, wala usitoe simu ukampiga picha kisha ukaisambaza kwenye kundi la darasa. Siku hizi ndoo ya maji machafu imehamia humo, na humo haikauki. Nenda ukasimame kando yake. Ukiogopa kwenda peke yako, kama Godeliva alivyoogopa, bisha milango ya wenzako kwanza. Usijibu kwa kupigana.

Na wewe uliyeumizwa mwaka jana na leo zamu yako imefika, wewe ndiye ninayekutazama hasa. Najua unavyochemka. Hakuna atakayekulipa, na huyo mdogo aliye mbele yako hana deni lako. Desturi hiyo ikatie hapo hapo ulipo, iwe wewe ndiye wa mwisho kufanyiwa. Hiyo ni heshima ambayo hutaipata darasani wala kazini.

Nanyi walimu na wazazi mnaosoma pembeni ya watoto wenu: ulizeni. Mtoto akisema ameteleza, kaeni upande anaosikia, mumuulize tena.

Mungu akukinge, mwanangu, na mkono wa mwonevu, na akukinge zaidi usije ukawa mkono huo. Akupe rafiki wa kusimama nawe, na moyo wa kurudi kesho na kesho kutwa. Popote utakapopita, mdogo akuone apumue. Amina.