Mgongo wa Batachoka

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mbwa ni kiumbe cha kusahau. Nimelisema kwenye matanga, nimelisema kwenye harusi, nimelisema hata mbele ya padri aliyekuja kubariki nyumba. Mpe mbwa fufu siku tatu, nikawa nasema, naye atamkana aliyemlea. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyejionea, kidole kikiwa juu. Basi nakiri hapa kabla hamjaniuliza: nilikuwa mjinga. Tena si ujinga wa kukosa kufundishwa. Nilifundishwa vizuri nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikalielewa somo, halafu nikalitumia vibaya.

Ninyi tuliokulia pamoja mtaani Beu, kule Beni, mnakumbuka. Vumbi jekundu lilikuwa linaingia mpaka kwenye chumvi. Kahawa ilianikwa juu ya turubai za shitingi mbele ya kila nyumba, na kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza kuku na kuigeuza kwa miguu, tukiburuta nyayo kama wazee wenye magoti mabovu. Mpira wetu ulikuwa wa majani ya ndizi, ukipasuka tunaushona kwa kamba ya mgomba, mechi inaendelea. Tukirudi shule tunakuta fufu na sombe, yaani kisamvu, yenye mafuta ya mawese, na parachichi lililopondwa na chumvi kidogo. Nani alikuwa anauliza kuna nyama? Mama yangu alikuwa na maneno yake, hayakubadilika mpaka leo nayasikia: “Kasereka, nawa mikono, hiyo si mikono, hayo ni majembe!” Na nikimjibu, ananiangalia tu. Kuangaliwa na mama wa enzi zile kulitosha. Watoto wa leo ukiwaangalia hivyo wanakuuliza kama unaumwa macho.

Mbwa wetu aliletwa na baba kutoka Kamango, alikoenda kutafuta maharagwe. Alimtoa ndani ya koti lake kama mtu anayetoa barua. Kambwa kadogo, rangi ya kahawa iliyokaangwa nusu, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo kama kata ya kubebea bidoni la maji kichwani. Shingoni kengele ya mti. Tulisubiri abweke. Tukasubiri wiki nzima. Habweki. Akifurahi sana anatoa sauti fulani ya kuvuta, kama mlango ambao haujapakwa mafuta, halafu ananyamaza, ameona haya.

“Baba Kasereka alienda Kamango, akaleta bubu!” Ndivyo mtaa ulivyocheka. Baba akaeleza kwamba ni mbwa wa wawindaji, hawabweki, ndiyo maana wanavalishwa kengele, ili mwenyewe ajue wako wapi porini. Hakuna aliyemsikiliza. Mbwa asiyebweka ni wa nini mjini?

Jina alipewa na mama, na mnajua jinsi mbwa walivyopewa majina kwetu: mbwa haitwi kwa ajili yake, anaitwa kwa ajili ya jirani. Wakati ule mama alikuwa na ugomvi na Mama Kavira, jirani wa upande wa chini, kwa sababu kuku wetu walichakura mboga zake za lengalenga na yeye akaenda kutusema kwa wanawake wote wa kisimani. Mama hakumjibu. Alimwita mbwa Batachoka. Maana yake: wanaotusema, watachoka. Kila jioni anasimama karibu na ua wa matete, anapaza sauti kuliko ilivyohitajika: “Batachoka! Batachoka, kuya kula!”

Mama Kavira naye si mtu wa kuachwa nyuma. Wiki ileile akampa mbuzi wake jina la Tutaona. Ikawa jioni huku wanaita, “Batachoka!” na kule wanaitika, “Tutaona!” Kama wanasali litania. Na wenyewe wawili, mbwa na mbuzi, walikuwa wanalala pamoja kwenye kivuli cha ua uleule, hawajui wamebebeshwa nini.

Sasa mimi. Nilimpenda mbwa yule, lakini nilimsoma kama mtu anayesoma barua kichwa chini. Akiegemea mguu wangu kwa uzito wote, nilidhani ananisukuma nimpishe njia. Nikipiga mwayo naye akapiga, nilidhani ananidhihaki. Akinitazama kwa macho laini, paji limejaa makunyanzi kama mzee anayetafuta miwani, nilidhani njaa. Na kilichoniudhi kuliko vyote: nikikaa chini, anakuja mbio, anageuka, anakaa mbele yangu akinipa mgongo. Mgongo! Mimi, bwana wake! Nilikuwa namvuta sikio, “Geuka, we mushenzi, nangalie!” Anageuka, analamba kidole, kisha anarudisha mgongo palepale.

Aliyenifungua macho ni askari mmoja, tuliyemwita Sergent tu, mtu aliyetumwa kutoka mbali huko kwenye mto Kongo, Kiswahili chake kimejaa Lingala. Alikuwa anakuja kuomba moto wa sigara jikoni kwetu. Siku moja akanikuta namkaripia Batachoka, akacheka mpaka akakohoa.

“Petit, unapiga imbwa sababu gani?”

“Inanipatia mugongo, Sergent. Hainieshimu.”

Akachuchumaa. Hakumgusa mbwa, alimwonyesha tu kwa sigara. “Angalia masikio. Yamelala nyuma, laini. Angalia mukia, umejikunja. Huyu iko muzuri. Mugongo ni fasi imbwa haina macho, haina meno. Anakuachia weye ile fasi.” Akavuta moshi. “Hata siye basoda, mutu unamupa mugongo ni ule uko na confiance naye. Bengine bote, unabaangalia kwa macho.”

Nilishika somo lile: mgongo hupewa unayemwamini. Tangu siku ile nikawa tajiri. Mbwa asiyebweka alikuwa anaongea kutwa nzima, kumbe kiziwi nilikuwa mimi! Anapojinyoosha mbele yangu asubuhi, miguu ya mbele chini, makalio juu, ni salamu. Anapolalia kaptula yangu ya shule, hataki kitanda, anataka harufu yangu. Anapoegemea, anaegemea, basi. Nilianza kukaa chini makusudi, popote, hata kwenye tope, ili tu nipewe mgongo. Mama akawa anasema, “Kasereka, shule iko mbele, imbwa iko nyuma!” Hapana, mama. Mbwa alikuwa mbele yangu, ameniegemea magotini, na mimi nyuma yake namkuna pale kengele inapogusa shingo.

Kisha bunduki zikasikika. Sitaeleza; wenzangu mnajua, na asiyejua hatajua kwa kuelezwa. Baba alipata nafasi kwenye lori la kwenda Butembo, kwa ndugu zake. Mama alikuwa anafunga magodoro, baba anahesabu vichwa vya watoto. Nikauliza juu ya mbwa.

“Batu kwanza,” baba akasema. “Siku mbili tunarudi. Umufunge, asifuate lori.”

Siku mbili. Niliamini, kwa sababu baba alisema. Lakini Batachoka hakuwa mjinga kama mimi. Alishaona magodoro, akawa anazunguka mbali, kengele inalia kolo-kolo, hakubali kushikwa. Baba alimjaribu, akateleza mikononi mwake. Kaka yangu alimjaribu na kipande cha samaki, akakataa samaki. Dereva anapiga honi.

Mimi nilijua la kufanya. Nilifaulu somo, sivyo? Nikakaa chini katikati ya kiwanja, kamba ya bidoni nimeificha chini ya paja, nikanyamaza. Akasimama. Akanitazama. Akaja polepole, masikio yakilala nyuma, akageuka, akakaa, akaniegemea magotini. Akanipa mgongo.

Nikapitisha kamba shingoni.

Nilimfunga kwenye nguzo ya jiko mafundo matatu, maana nikifanya kazi naifanya sawasawa. Nikamwachia maji kwenye nusu bidoni na fufu ya jana. Lori lilipoondoka sikusikia kubweka, alikuwa bubu, mnakumbuka. Nilisikia kengele tu, kolo-kolo, kolo-kolo, anavuta, mpaka injini ikaimeza. Mkia sikuutazama. Uongo: niliutazama. Ulikuwa umekunjuka, umening'inia. Sikuwahi kujua kwamba mkia ule unaweza kunyooka.

Siku mbili zikawa wiki saba.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, mlango umefungwa kwa waya. Mama Kavira ndiye aliyeufunga. Yeye hakukimbia, alikuwa na mama yake mzee asiyeweza kutembea. Mbuzi Tutaona hakuwapo tena. Hatukuuliza aliliwa na nani. Na Batachoka alikuwa amelala mlangoni kwa Mama Kavira, amenenepa kidogo. Kengele haikuwapo. Shingoni palikuwa na mzunguko usio na manyoya, ngozi ya rangi ya waridi, mpya. Nikajiambia ni kamba ya kengele iliyomkwaruza. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kujiambia chochote.

“Batachoka!” nikaita. Nilikuwa nimelala na jina hilo mdomoni wiki saba. “Batachoka, nimerudia!”

Aliinuka. Alinitambua au hakunitambua? Hilo ndilo nililobeba miaka yote hii. Masikio yaligandamana kichwani, lakini si yale malaini ya Sergent. Mkia ukashuka. Akalamba midomo yake, akageuza uso pembeni kama mtu aliyeona uchi wa mkubwa. Kisha akazunguka nyuma ya Mama Kavira aliyesimama mlangoni, mwanamke ambaye jina la mbwa lilitungwa kumtukana, akamwegemea mguu kwa uzito wote.

Niliita tena. Mama Kavira akamwangalia mama yangu, mama akaangalia chini. Tangu siku ile hakuna aliyemwita mbwa yule kwa kupaza sauti. Wale wanawake wawili wakaanza kupikiana sombe. Jina likabaki bila kazi.

Mimi nikatunga maelezo yangu: amenisahau. Fufu ya jirani imemnunua. Miaka minne nilipita mbele ya mlango ule nikienda shule, na kila nikipita anakaa wima, uso kwangu, macho kwangu, mpaka nipotee kwenye kona. Niliwaambia wenzangu, mnaona, anajaribu kukumbuka ananijua wapi. Alikufa nikiwa wa tatu sekondari. Mama Kavira alimzika chini ya mparachichi, mimi nikasema nina mtihani. Sikuwa na mtihani.

Labda hamtashangaa kwamba nimekuwa mtu wa nyumbani. Watu wananicheka hapa Butembo kwamba hata kwenda kanisani napanga kama safari ya Ulaya. Sina mbwa. Butembo ya leo ina mbwa wengi kuliko Beu ya zamani: kila nyumba ya ghorofa ina geti la chuma limeandikwa kwamba mbwa ni mkali, na nyuma ya geti mnyama mkubwa kafungwa mnyororo tangu alipozaliwa, haitwi jina, anaitwa “imbwa ya parcelle”, mbwa wa kiwanja. Enzi zetu mbwa alibeba ugomvi wa mtaa mzima shingoni, lakini alijua mguu wa nani wa kuegemea. Wa siku hizi hawajui hata harufu ya mwenye nyumba, kwa kuwa hapiti karibu, anapita na gari.

Na vijana, aa! Juzi mpwa wangu Masika, wa miaka kumi na minane, alikuwa amekaa uani kwangu, simu usoni, anakuna kichwa cha mbwa wa kwenye picha kwa kidole.

“Tonton, hapa banaandika alama za imbwa inapenda mwenyewe. Ya kwanza: inamuegemea. Ya pili: ukipiga mwayo, nayo inapiga. Ya tatu, sikia hii: inakaa inamupa mugongo!”

Nilicheka kwa uchungu. Sisi tulifundishwa na mtu aliyechuchumaa kwenye vumbi, na bado tukaharibu. Hawa wanafundishwa na kioo, mbwa wenyewe hawana, na wanataka alama za kuhesabu. Nikainua kidole changu kile cha kila siku. “Masika, hayo ni ya wazungu. Mimi nilikuwa na imbwa Beu. Nililala nayo, nilikula nayo. Wiki saba tu, ikanisahabu.”

Upande wa pili wa ua kulikuwa na mwanamke mzee anachambua maharagwe. Ndiyo, yuleyule. Beni ilipotushinda, yeye naye alipanda Butembo, na kwa nyumba zote za mji huu akapangishiwa ile iliyo ubavuni mwangu. Nampenda Mama Kavira, ananiletea ndizi. Nilisikia maharagwe yameacha kulia kwenye ungo. Hakuinuka, hakunitazama, aliongea na maharagwe yake.

“Kasereka, acha kudanganya mutoto. Ile kamba njo mimi niliikata, yenye ilikuwa imeingia ndani ya nyama. Imbwa haikukusahabu hata siku moja, njo maana haikukupatia tena mugongo.”