Neno la Mjomba na Mashine ya Kukereza

Bakuli lilichomoka kwenye mashine, likapita karibu na sikio langu, likagonga ukuta juu kidogo ya kichwa cha mjomba wangu. Mjomba hakukwepa. Hata angetaka asingeweza, maana upande wake wa kulia ulikuwa umekufa tangu alipopooza. Vumbi la saruji lilimwangukia kofiani, naye akanitazama tu. Nikazima mashine nikaanza kutukana. Niliitukana mashine, nikautukana mkorosho niliokuwa naukereza, nikawatukana na watu wa umeme, ambao siku hiyo hawakuwa na kosa lolote.

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akiwa amekasirika. "Hilo dude litengeneze au ulitupe. Ukimuua mjomba wako kwa bakuli, msibani utajieleza mwenyewe."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nyumba yetu iko Magomeni hapa Mtwara, na kukereza mbao ndiyo starehe yangu. Wenzangu wana bao, wana mpira, wana bia. Mimi napenda kuona kipande cha mti kikizunguka mbele yangu, nikiguse kwa patasi, kimenyeke taratibu hadi kiwe bakuli au mchi. Siuzi. Nagawa kwenye harusi, na nadhani kuna ndugu zangu wenye mabakuli saba ambao wakiniona nimebeba kifurushi wanaguna.

Mashine yenyewe alinipa mjomba, kaka yake mama. Kwetu Wamakonde mjomba si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye watoto wa dada zake. Huyu alinilea na kunisomesha kwa korosho zake kule karibu na mto Ruvuma, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Mikono yake ilipoanza kutetemeka aliita ukoo mzima, akaniweka katikati, akanikabidhi mashine. Kisha akasema, "Mimi na mashine hii ni kitu kimoja. Siku mkiiacha ife, jueni mmeniua." Watu wakaitikia kwa sauti moja. Neno la mjomba mbele ya ukoo halifutiki kama chaki, na mimi niliondoka pale nimefungwa kamba shingoni, nikitabasamu.

Alipopooza tulimtoa shambani tukamleta kwangu, awe karibu na hospitali. Dada yangu mkubwa, anayekaa Mikindani, ndiye aliyetoa amri: kila jioni mjomba akae karibu na mashine ikizunguka, hiyo ndiyo dawa yake. Basi kwa miaka miwili, kila alasiri nilipotoka shule, nilibeba kiti chake hadi bandani, nikamketisha, nikakereza. Ninaumwa kichwa, nakereza. Nina madaftari sitini ya kusahihisha, nakereza. Kila Ijumaa dada alipiga simu, na hakuanza kwa kumuulizia mjomba. Aliuliza, "Kaka, mashine inanguruma?"

Ilikuwa inanguruma, ndiyo, lakini vibaya. Ilitetemeka hadi meza ikatembea. Starehe yangu ikageuka zamu ya ulinzi. Nilikuwa nimeona mashine mpya Dar es Salaam, ndogo, tulivu, na nilirudi nyumbani nikiifikiria kama kijana anayemfikiria mchumba. Lakini ningemwambia nani? Kununua mpya maana yake ni kutangaza kwamba ya mjomba imekufa. Na sababu ya kufa kwake niliijua mimi peke yangu.

Nitasema hapa, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kwetu tuna mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho. Tunapaka nguzo za banda, mchwa hawasogei. Yakikugusa ngozi yanakubabua. Siku moja mashine ilikuwa inalia mlio mkavu, grisi imekwisha, na dukani nilikuwa mvivu kwenda. Ndoo ya mafuta ya maganda ilikuwa pale pembeni. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Mimi, mwalimu wa fizikia! Nikayamimina kwenye beringi nikawasha. Kwa dakika tano mashine ilinyamaza kimya, nikajisifu. Kisha ikaanza kutoa moshi. Kumbe yale mafuta yakipata joto yanaganda, yanakuwa gundi ngumu. Nilikwangua nilichoweza, nikafunga, sikumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye ikaja simu kutoka shambani kwamba mjomba ameanguka na kupooza.

Najua unachotaka kusema. Na mimi nawafundisha watoto kila mwaka kwamba kitu kufuatana na kingine si ushahidi kwamba kimekisababisha. Naandika ubaoni, napigia mstari. Lakini nilizihesabu zile wiki tatu usiku na mchana, na kila nilipombeba mjomba kumpeleka bandani nilijiona muuaji aliyembeba maiti wake.

Baada ya lile bakuli kuruka sikuwa tena na pa kujificha. Nilifungua kichwa cha mashine, yaani ile sehemu yenye shafti na beringi, nikakipakia kwenye bajaji hadi Mtawanya kwa fundi mmoja wa vyuma ninayemwamini. Fundi alikifungua, akazungusha shafti kwa kidole, akaguna.

"Mwalimu, shafti imelika. Naweza kukuchongea nyingine, beringi nikaagiza. Lakini mwili wenyewe umepinda. Nikikutengenezea leo, mvua zikianza tu utarudi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nunua nyingine. Hii ni kumvisha maiti viatu." Kisha akakwangua kitu cheusi kwa ncha ya bisibisi, akakinusa. "Eh! Hii si maganda ya korosho? Nani katia maganda kwenye beringi?"

"Sijui," nikasema.

Alinitazama, akaifuta bisibisi kwenye suruali. Ni mtu mwenye heshima zake. Nilitamani angenicheka.

Nilikiacha kichwa kwake nikarudi mikono mitupu. Mjomba alikuwa mlangoni ananisubiri nimbebe. Maneno yake siku hizo yalitoka moja moja, kwa shida, kila neno analisukuma kwa ulimi mzito.

"Kichwa. Kiko wapi?"

"Kwa fundi."

"Anasema?"

Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima mwenye mvi, nikamwambia yote. Nilimwambia ndoo, moshi, nilivyonyamaza. Nilipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika, nikajua ndiyo basi, mzee analia. Nikamshika mkono. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi mate yakamtoka.

"Maganda!" akasema. "Mwalimu. Wa fizikia. Maganda!"

"Mjomba, si kicheko. Ulianguka baada ya wiki tatu. Wewe ulisema mwenyewe mbele ya ukoo. Mashine ikifa..."

Hapo akaacha kucheka. Alinitazama kwa ile namna aliyokuwa akinitazama utotoni nikikosea hesabu ya magunia.

"Lile neno," akasema, "nilisema kwa sababu. Uliuza baiskeli."

Ni kweli. Nikiwa chuoni niliiuza baiskeli yake aliyonipa, nikanunua suruali na redio. Alikuwa hajawahi kunitajia.

"Nilitaka usiuze na mashine. Basi. Hakuna lingine."

Miaka yote ile! Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka. Nilitaka kumwambia kwamba alinifunga kwa ajili ya baiskeli, kwamba nimekosa usingizi kwa ajili ya baiskeli. Lakini alikuwa hajamaliza. Aliinua mkono wake mzima akaonyesha bandani.

"Na kule. Kila siku unaniweka kule. Kwa nini?"

"Dada alisema ni dawa."

"Dawa yangu? Au yako?"

Alipumzika kidogo, akavuta pumzi, akaendelea, na maneno yalikuja polepole kiasi kwamba kila moja nililisubiri kwa hofu.

"Nakula vumbi. Miaka miwili. Kelele. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani wewe unapenda."

"Mimi nilidhani wewe ndiye unapenda, mjomba."

"Ala!" akasema, na tukatazamana.

Kisha akaniambia anataka kurudi nyumbani kwake, kule mtoni. Nilimpa sababu zote. Hospitali iko mbali. Vidonge. Mtu wa kumkanda mguu. Nikamwambia kwamba binti yake, anayeishi kule, ana watoto wadogo, nani atamwogesha?

"Mto upo."

"Mto una mamba, mjomba!"

"Unaogopa mamba? Na wewe umeshaniua?"

Akacheka tena, mimi sikuweza. Alipoona siwezi aliacha, akasema kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Mpwa wangu. Ile mashine fundi amekwambia. Mimi je? Mnanitengeneza mpaka lini?"

Nilinyanyuka sakafuni, nikachukua simu kumpigia dada.

Dada alipoambiwa alipiga kelele kwenye simu kwamba nimemchoka mjomba, kwamba mke wangu ndiye aliyenitia maneno. Mke wangu, ambaye kwa miaka miwili alimwosha na kumlisha yule mzee bila kuguna! Tuligombana Ijumaa mbili mfululizo. Mwishoni dada alikuja mwenyewe kutoka Mikindani, akaingia kwa mjomba, akakaa naye saa nzima mlango umefungwa. Alitoka na macho mekundu akasema, "Mpelekeni," akaondoka bila kunywa chai.

Fundi nilimwambia asihangaike, kichwa akiuze chuma chakavu au akifanyie anachotaka. Akaniuliza nitanunua mpya lini. Nikamwambia nitaona.

Tulimpeleka Jumamosi kwa gari la kukodi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na barabara ya kwenda mtoni ilikuwa tope tupu. Binti yake alikuwa amefagia uwanja, ametandika mkeka, amepika ugali wa muhogo na samaki. Tulimketisha mzee barazani, akiitazama mikorosho yake, ambayo watu walikuwa wameiacha ikamea magugu hadi magotini. Alianza pale pale kumgombeza mkwe wake kwa yale magugu, neno moja moja, na mkwe anaitikia, "Ndiyo mzee, ndiyo mzee." Nilikuwa sijamsikia akiongea sana vile tangu alipopooza. Kwangu alikuwa anasema maneno kumi kwa siku.

Dereva alipiga honi. Nikamwendea mjomba kumuaga, nikamwambia naweza kubaki siku mbili tatu, nisaidie kupalilia.

"Nenda zako," akasema. "Kanunue mashine."

Ndiyo ruhusa niliyoingoja miaka miwili. Nilifika mlangoni mwa gari, nikaushika, kisha nikauachia. Nilirudi mbio kwenye tope, nikapiga magoti pale barazani mbele ya watoto wa watu, nikamwomba mjomba twende tena Magomeni, nikamwambia sitamweka bandani tena, nitamweka anapotaka, hata barabarani. Alinifuta uso kwa mkono wake wa kushoto. Kisha akamwambia dereva awashe gari, anirudishe Magomeni.