Viwavi Mezani kwa Bwana Mifugo

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata ukarani kwenye kibanda cha ukaguzi, hapo Tunduma mpakani. Nilikuta mabwana wawili. Bwana shamba alikagua mazao. Bwana mifugo alikagua wanyama na nyama. Walitumia meza moja na birika moja la chai isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa adimu siku hizo, na kwa kawaida walielewana.

Asubuhi moja akaingia mama kutoka upande wa Zambia na gunia la vinkubala, yaani viwavi waliokaushwa.

Bwana shamba akachungulia. "Hivi vina miguu. Muone mwenzangu."

"Vimetoka juu ya mti," akajibu bwana mifugo bila kuinua macho. "Vyako hivyo, ndugu."

Mama akawatazama kwa zamu, akaketi juu ya gunia lake. Birika likaisha, bado wanasukumiana. Nikashindwa kunyamaza.

"Samahani, wazee. Ni hawa, si hivi. Kiwavi ni mnyama."

"Mnyama?" Bwana mifugo akaweka kalamu chini. "Sasa nimchanje, binti?"

Nikachukua kiwavi mmoja, nikawaonyesha jozi tatu za miguu yenye viungo karibu na kichwa. Nikawaeleza niliyokariri shuleni. Kwanza himaya ya wanyama, tulimo sisi na ng'ombe. Chini yake faila, ambako kiwavi anaachana na ng'ombe na kuungana na nge na kaa. Kisha ngeli ya wadudu, halafu oda ya vipepeo. Kila unaposhuka, ndugu wanapungua, hadi spishi, anapobaki na wa aina yake tu. Uso uliniwaka moto. Sikuwahi kuwafundisha watu wa rika la baba yangu.

Mama akacheka. "Kumbe mnasomea hata hawa! Kwetu ni mboga tu." Akatugawia kila mmoja kiganja, tukatafuna.

Bwana mifugo akagonga muhuri, akaandika daftarini, chini ya mbuzi wa jana: viwavi, gunia moja. Mama akajitwika, akaenda zake.

Bwana shamba alisubiri mwenzake atoke, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na uyoga je?"

"Mmea," nikajibu bila kusita, kama kitabu chetu kilivyosema. Akafurahi: uyoga ulikuwa wake.

Miaka mingi baadaye nikasikia uyoga umepewa himaya yake wenyewe. Nilitamani kumwambia, lakini alikuwa amestaafu kwao Ileje, na kijiji chake sikukijua.