Padre na Radi Tatu za Kiangazi

Niliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba padre wa kigango chetu aliuawa na radi tatu. Ya kwanza aliidaka kwa mkono akaitupa bondeni. Ya pili aliizima kwa maji ya baraka. Ya tatu ikazunguka nyuma ya kanisa kama mwizi wa kuku, ikampata mlangoni. Na aliyezituma kila mtu alimjua: bibi mmoja mkulima wa ulezi upande wa Pito. Tangu hapo hakuna aliyenunua ulezi wake wala kumwamkia shikamoo.

Msambazaji mkuu wa habari hiyo nilikuwa mimi. Nikiisimulia pale kijiweni Katandala, bodaboda wote walizima pikipiki wasikie. Kila mwaka radi zangu zilinenepa.

Nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na mvi na wajukuu wawili, kamati ya kumbukumbu ikaona imepata msomi. Mwenyekiti, mzee wa kuvaa koti la suti hata kwenye palizi, akaniita niandike wasifu wa padre.

"Weka radi zote, mtaalamu. Usipunguze hata moja."

"Na maisha yake mengine, mzee?"

"Yapi tena? Alizaliwa, akasoma, radi."

Nikajaza kurasa tisa. Mwenzangu wa darasani, Mwislamu mwenye duka la vipuri mjini, akazipitia. Alipofika kwenye mwezi wa tukio akacheka mpaka akashika kaunta.

"Mshikaji, mwezi wa nane? Mwezi wa nane Ufipa hata wingu hatuna, wewe umepata radi tatu!"

Nikamjibu kwamba mambo ya kanisa letu hayamhusu. Msomi huyo! Jiografia tulikaa dawati moja, kumbe kwenye mada ya mvua nilikuwa nakoroma.

Siku ya kumbukumbu nikapanda mbele ya kanisa kusoma. Bibi yule alikuja, akakaa benchi zima peke yake, maana waliokuwapo walihama. Nikanguruma. Radi ya kwanza, makofi. Ya pili, vigelegele. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa raha, utadhani radi zenyewe kazifuga yeye.

Kabla sijaifikia ya tatu, bibi akasimama.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Sasa pumzika."

Akawageukia watu.

"Hapakuwa na radi. Ilikuwa asubuhi, jua kali. Zizi la jirani liliungua kwa moto wa nyasi, wakasema ni uchawi wangu. Nikakimbilia humu. Wanaume wakaja na mapanga, padre akasimama pale mlangoni. Wakamwambia, sema tu huyu ni mchawi, utoke hapo, sisi na wewe hatuna ugomvi. Akasema hawezi kusema uongo huo mbele ya Mungu wake. Alikuwa anatetemeka, magoti yake niliyaona. Hakutoka."

"Mama, kaa chini!" mwenyekiti akafoka.

"Siku ile uliniambia nitoke, leo unaniambia nikae."

Mwenyekiti akaanza kutafuta kitu mfukoni mwa koti, akatafuta na hakukipata. Mimi kurasa zangu tisa zilikuwa zinalowa jasho mkononi.

Bibi akanigeukia. "Andika hivyo, mwanangu. Padre aliuawa na watu. Wengine wamo humu, ndio hao waliohama benchi langu."