Shanga za Kibuyu cha Mama

Nakumbuka siku moja mvua ya alasiri ilitufungia ndani, kwetu Mogogosiek, na kibuyu cha mama kikaanguka kutoka ukutani kikapasuka. Usicheke, mwanangu. Kibuyu hicho cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mama alipewa na mamake alipoolewa, kimevishwa ngozi na shanga, naye alikitunza ampe dada yangu Chebet, ambaye arusi yake ilikuwa Jumamosi ile. Mama aliokota vipande, akaketi navyo mapajani, akakataa hata chai. Alisema binti yake ataondoka mikono mitupu, na bibi aliyekwisha kuzikwa hatakuwa na chochote cha kumsindikiza mjukuu.

Jirani yetu alikuwa Mama Atieno, mke wa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, watu wa kutoka ziwani. Acha nimsifu, maana nimeishi sana na sijaona tena mikono kama ile. Alifuma kroshia akingoja lori la chai, alifuma kanisani kabla ya ibada, alifuma huku akikukaripia na asikose tundu hata moja. Vitambaa vya viti vya nyumba nyingi vilitoka kwake, na hukuona viwili vilivyofanana.

Alipoona vile vipande hakukaa kutoa pole. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema, kisha akamwomba mama ruhusa ya kukata uzi uliooza, akatoa shanga moja moja na kuzitia kwenye sufuria. Akaleta kitambaa cheusi cha sketi yake ya zamani. Sufu ilitoka kwenye sweta yangu ya shule, ambayo aliifumua bila kuniuliza. Mwisho akanipa sindano. Nilikuwa kijana wa kujiona, nikamwambia hiyo ni kazi ya wanawake.

"Arusi ni Jumamosi na macho yangu imechoka," akasema. "Sindano haiulizi kama mkono ni ya mwanaume ama ya mwanamke. Kaa hapa."

Nikakaa. Alitarizi umbo la kibuyu kwenye kile kitambaa cheusi, akashonea shingoni ile ngozi kuukuu, tukalijaza shanga, akazungushia ukingo wa kroshia hadi ikawa shali. Nilijidunga vidole, lakini niliipenda kazi ile kuliko nilivyotaka watu wajue. Upande wangu ulipinda. Nilitaka kuufumua, akanikataza.

Jumamosi mama alimfunga Chebet shali mabegani, akaipapasa polepole. Alipofika pale palipopinda aliuliza ni nani alishona. Nikasema ni mimi.

"Bibi yako pia alikuwa anashona ikipinda hivi," akasema. "Basi amekuja." Akalia, nasi tukalia naye.

Mwanangu, huku kwetu karibu kila kitu hupelekwa kwenye mizani kama majani ya chai. Jiwekee kitu kimoja kisichopimwa. Tarizi, fuma, changanya sufu na shanga na vitambaa vikuukuu, na mshono ukipinda usione haya, maana ujuzi huja kwa kushona. Mimi mzee bado nashona mvua ikinyesha. Wajukuu hunicheka, kisha huniomba sindano.

Mungu aibariki mikono yako, ayatunze macho yako hadi uzeeni, na siku utakayovunjikiwa na kitu ukipendacho, akupe jirani wa kukaa nawe na kushona.