Kiti Tulichokifuata Kakuma

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kutafsiri hapa nyumbani Lodwar, nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Mgongo ulipoanza kuuma hadi nikawa nachapa nimesimama, kompyuta nimeiweka juu ya friji, mume wangu akasema basi, twende Kakuma. Huko kuna mama mmoja Msomali anayeuza fanicha za ofisi zilizokwisha kutumika.

Duka lake lilikuwa banda refu la mabati. Kiti nilichokitaka nilikiona tukiwa bado mlangoni: cheusi, cha ngozi, chenye mgongo mrefu kama cha mkurugenzi. Nikauliza kama kitaingia kwenye gari.

"Abaayo, dada yangu, kaa kwanza," akasema yule mama. "Kaa mpaka uchoke."

Nikakaa. Muda si mrefu blauzi ikaninata mgongoni kwa jasho, nami nikajifanya sijali. Kando yangu alisimama mwanamume mrefu, mwalimu Mkongomani anayeishi kwenye kambi ya wakimbizi, akisubiri niondoke ili naye akijaribu. Alikuwa ameshika kiuno. Nikajua ugonjwa wetu ni mmoja.

"Dada, miguu yako haifike chini," akaniambia kwa upole.

Ni kweli. Nilikuwa najisogeza mbele ili vidole viguse sakafu, na mgongo umepinda vilevile kama nyumbani. Nikavuta kishikio cha kukishusha, kikagoma. Mume wangu akapiga magoti akajaribu, bado kikagoma. Nikanyanyuka shingo upande. Mwalimu akakaa, nyayo zikatua, akafumba macho. Hakuna aliyemharakisha.

Nikaanza kujaribu vingine. Nilichokichukua mwishowe kilikuwa kidogo, cha kijivu, mgongo wake wa wavu unaopitisha hewa, na kitambaa cha kukalia kimechanika. Nilipoegemea, kiuno kikapata pa kupumzikia, sikutaka tena kuinuka. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikishonea kitenge.

Mgongo haujapona kabisa, lakini sasa nachapa nimekaa. Mama yangu alipotutembelea kutoka Kainuk, alikizungusha kwa mkono, akakikalia kwa tahadhari, akauliza, "Hiki ni cha kazi au cha kulala?"

Kabla sijamjibu alikuwa ameshasinzia. Siku hiyo sikugusa kazi hadi alasiri.