Waliomtazama Helen

Helen Nyasuguta alikuwa na miaka arobaini na mbili alipokubali kuigiza mapenzi mbele ya kamera, na kwa miaka sita kabla ya hapo hakuna mtu aliyekuwa amemgusa zaidi ya kumpa mkono kanisani.

Alikuwa fundi wa nguo katika mji mdogo wa Rodi Kopany, katika chumba kimoja kinachotazamana na stendi ya magari ya kwenda Rongo. Alizaliwa Suna, Migori, kwa wazazi Wakisii waliokuja kufanya biashara, akaolewa na Zablon, Mjaluo wa Ndhiwa aliyenunua samaki katika visiwa vya Ziwa Victoria na kuwauza bara. Zablon alizama karibu na kisiwa cha Takawiri siku ya upepo mkali. Mwenzake aliokolewa, yeye alipatikana siku ya tatu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Baada ya matanga Helen alibaki na cherehani na chumba cha kupanga. Watu walimjali sana mwaka wa kwanza, kisha wakamzoea, kama wanavyozoea kibao cha duka kilichofifia rangi.

Maxwell alimjia kwa sababu ya gauni. Alikuwa mtengenezaji wa filamu kutoka Homa Bay, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, na alitaka gauni la kijani lipunguzwe kiunoni kwa ajili ya mwigizaji kutoka Kisumu. Helen alilivaa ili amwonyeshe linavyokaa. Wiki moja baadaye Maxwell akarudi. Mwigizaji alikuwa amesoma sehemu za kitandani na kukataa.

"Mama Helen," alisema, "hili gauni unaweza kulivaa mbele ya kamera?"

Filamu iliitwa *Joto la Barafu*. Ilimhusu mke wa tajiri mzee mwenye kiwanda kidogo cha barafu kando ya ziwa, na fundi wa mitambo anayekuja mjini kurekebisha mashine na asiondoke. Wawili hao wanapendana chumbani, mashine ikinguruma nyuma ya ukuta. Halafu mume anakutwa amekufa majini, na mji mzima unaanza kumtazama mjane kwa shaka.

Helen alisoma karatasi zote, akazirudisha mezani.

"Bwana yangu alikufa maji," alisema.

Maxwell alizivuta karatasi kwake. "Pole, mama. Sikujua. Naweza kubadilisha. Aanguke kwa ngazi."

Helen aliangalia nje, kwenye stendi, kisha akasema, "Wacha tu. Maji nayajua."

Walipiga picha kwa siku kumi na moja mjini Homa Bay, wote wakilala nyumba moja. Kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kumuuliza kama amelala vizuri, na saa sita kulikuwa na mtu wa kumsogezea sahani. Mwanamume aliyeigiza fundi aliitwa Duke, muuza simu kutoka Kisii, mwenye mke na watoto. Kabla ya kila tukio alimwomba ruhusa. "Dada Helen, nitaweka mkono hapa. Ni sawa?" Naye alijibu, "Ni sawa." Tukio lenyewe la kitandani halikuwa na siri yoyote. Chumbani kulikuwa na watu sita, taa zilichoma macho, na mshika kipaza sauti alipiga chafya mara mbili wakalazimika kurudia. Lakini Duke alipoweka mkono wake mgongoni kwa mara ya tatu, Helen alifumba macho kabla ya kuambiwa afumbe, na pumzi ikamtoka ndefu kuliko alivyotaka. Sehemu hiyo ndiyo aliyoichagua Maxwell.

Filamu ilipowekwa mtandaoni, Helen alianza kusoma maoni ya watazamaji akiwa kazini, simu ikiwa imeegemezwa kwenye cherehani. Mwanzoni alicheka. Mmoja wa Kisumu alisema hadithi ni nzuri ila bastola ya polisi inaonekana ni ya plastiki. Mwingine alilalamika kwamba fundi anadai ametoka Mombasa na anaongea kama mtu wa Kisii. Mwingine aliona kitanda kimepewa nafasi kubwa kuliko polisi. Wanaume kadhaa waliomba namba ya mama wa gauni la kijani. Mwanamke mmoja aliandika kwamba amelia mwishoni na hajui kwa nini amemlilia mjane aliyemuua mumewe.

Kisha akaandika mtu wa Ndhiwa. "Huyu ni mjane wa Zablon. Bwana yake alikufa hivyo hivyo majini. Sasa tumeelewa."

Watu zaidi ya mia mbili walipenda maneno hayo, na chini yake wengine wakaanza kuuliza na kujibiana, kana kwamba Helen hayupo duniani na hawezi kusoma. Ndani ya wiki mbili wanawake watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Hawakusema lolote baya. Mmoja alisema amebadilisha nia, mwingine kwamba dada yake amenunua cherehani.

Mzee Makori wa kanisa alikuja siku ya Ijumaa, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Dada Helen, hakuna anayekuhukumu," alisema. "Pumzika kidogo tu kuongoza nyimbo, mpaka maneno yatulie."

"Umeitazama, mzee?"

"Sijaitazama. Nimeambiwa."

Helen alimpigia Duke simu, kwa sababu hakuona mwingine ambaye angeelewa. Duke aliongea kwa sauti ya chini. Mkewe ameitazama filamu, alisema, na amemwomba asiongee na Helen tena. "Nimemweleza kwamba ilikuwa kazi."

"Ilikuwa kazi," alisema Helen.

"Ndiyo. Pole, dada." Na simu ikakatika.

Siku chache baadaye akakuta maoni mapya, ya mtu asiye na picha, jina lake tarakimu tupu. "Mnatukana bure. Tazameni dakika ya arobaini na moja, jamaa anapoweka mkono mgongoni. Huyu mama hajaigiza hapo. Huyu hajashikwa na mtu kwa miaka mingi."

Hakuna aliyeyapenda maneno hayo wala kuyajibu. Helen aliyasoma akiwa amesimama. Mchana huohuo, jua likiwa kali na stendi imejaa wapiga debe, alifunga mlango na kukaa ndani kwenye kiti cha wateja. Alijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango akioga, na wakati uleule akatamani aliyeingia asiondoke. Alipotulia aliandika, "Wewe ni nani?" Alisubiri siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Kila alipotia uzi sindanoni aliangalia simu. Jibu halikuja.

Kilichokuja ni ujumbe kutoka Ndhiwa. Mama yake Zablon anamtaka.

Alikwenda Jumapili. Mama mkwe alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, na tangu siku za posa alimwita Nyar Kisii, binti wa Wakisii. Alimkaribisha sebuleni, akamimina chai, akasubiri mpwa wake aliyekuwa akifagia aende zake.

"Nimeiona," alisema.

"Yote, Mama?"

"Mara mbili, kwa simu ya huyu mtoto. Mara ya kwanza nilitafuta yale mabaya watu wanasema. Mara ya pili nilikuangalia wewe." Alizungusha kikombe. "Nyar Kisii, nikuulize. Bwana wa uongo ulimlilia vizuri. Mwanangu hukumlilia. Nilikaa karibu na wewe siku zote za matanga, na jicho lako lilikuwa kavu. Hiyo kitu nimeibeba miaka sita."

Helen aliweka kikombe chini.

"Kwa matanga watu walikuwa wananiangalia nilie," alisema. "Nikakauka. Kule kwa filamu, Maxwell aliniambia nisilie, niangalie tu maji. Nikayaangalia. Hapo ndipo alinijia."

"Nani?"

"Zablon."

Kuku waliingia hadi katikati ya chumba na hakuna aliyewafukuza.

"Nilidhani umeniita kwa sababu ya yale yameandikwa," alisema Helen mwishowe.

"Kwamba ulimuua? Mwenzake aliyeokolewa alinieleza yote, upepo mpaka mwisho. Aliyeandika namjua, ni mtoto wa shemeji yangu. Nimemwambia afute. Anasema hajui kufuta." Aliguna. "Na yule mwanamume?"

"Ana mke. Ilikuwa kazi, Mama."

"Nimeona mgongo wako," alisema yule mama mzee, akitazama mlangoni. "Mimi baba yake Zablon alikufa akaniacha nikiwa na miaka thelathini na nane. Hakuna mtu aliniuliza naishi aje."

Helen alijiuliza kwa dakika moja kama ndiye mwenye tarakimu. Lakini mama mkwe hakujua kusoma wala kuandika. Ni kwamba na yeye aliona.

Tangu siku hiyo Helen alikwenda Ndhiwa kila baada ya Jumapili moja. Hawakuzungumza sana. Walichambua mboga, wakanywa chai, akarudi Rodi kabla ya giza. Kanisani hakurudishwa kuongoza nyimbo. Mzee Makori alisema maneno bado hayajatulia, na Helen akazoea kukaa viti vya nyuma. Mtu wa tarakimu hakumjibu, na baadaye jina lile likatoweka pamoja na alichoandika. Ya mtoto wa shemeji bado yapo.

Miezi miwili baadaye Maxwell alimpigia. Alikuwa na filamu nyingine na alimtaka awe muuguzi, bila kitanda wala maiti. Helen aliuliza swali moja tu, kama watu wote watakuwa wakilala nyumba moja kama mara ile. Maxwell akasema ndiyo. Akaenda siku tisa, akarudi, akafungua duka Jumatatu. Chumba kilikuwa na vumbi na kimya. Saa nne akaingia mwanamke asiyemjua, na kitenge kipya ndani ya mfuko, akasimama akimkodolea macho.

"Samahani, dada. Si wewe ndiye yule wa ile filamu?"

"Ni mimi," alisema Helen, akichukua futi shingoni. "Inua mikono nikupime."